Trekta Linalozimika Dakika ya Kumi na Nane

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali
Nakala: Fundi Mkuu wa Karakana, Mpishi Mkuu

KUHUSU: OMBI LA KULINDWA DHIDI YA TREKTA, KARAKANA, JIKO NA WODI YA MIFUPA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umekaa, na dirisha lako limefungwa. Ukilifungua utaona nyasi, na nyasi ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Hii ni barua yangu ya nne kuhusu jambo hili hili. Tatu za kwanza zilipotea ofisini kwako. Sisemi ni kwa makusudi. Nasema tu kwamba ya kwanza nilimkabidhi katibu muhtasi wako mkononi, ya pili niliiweka mezani kwako nikaikandamizia kikombe isipeperuke, na ya tatu nilikuona kwa macho yangu mawili ukijipepea nayo kwenye kikao cha usafi. Ndiyo maana safari hii nimefuata utaratibu mpaka mwisho. Barua ina nakala mbili, imesajiliwa na karani wa masjala katika daftari la barua zinazotoka, na imepewa namba. Barua yenye namba, kama ulivyotufundisha mwenyewe katika waraka wako, haichanwi, haifutwi, wala hairudishwi kwa aliyeiandika. Na anayelalamikiwa hupewa nakala yake Jumatatu inayofuata. Naunga mkono waraka huo kwa asilimia mia moja.

Kwa kuwa hushuki bustanini isipokuwa siku ya wageni, naomba nijitambulishe. Mimi ndiye dereva wa lile trekta dogo jekundu linalokata nyasi za hospitali. Nimelikalia miaka kumi na tisa. Kiti chake kimeshika umbo langu, nami naona kama nimeshika umbo la kiti. Karibu miaka yote hiyo liliwaka asubuhi, likakata kutoka geti kuu hadi nyuma ya maabara, likarudi bandani bila neno. Halafu, miezi kumi na minne iliyopita, likaugua.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Likiwa baridi linawaka mara moja, kama lina haraka ya kwenda mahali. Linakata vizuri, linanguruma vizuri, hata moshi wake ni wa heshima. Injini ikishapata moto, dakika ya kumi na nane, linakohoa mara mbili, linatetemeka, linazimika. Nikizungusha ufunguo linaguna tu. Inabidi nikae dakika arobaini lipoe, kama alivyoagiza Fundi. Likishapoa nafungua kifuniko cha tangi nihakikishe mafuta yapo, nayaona yapo, nafunga, nawasha, linawaka kama hakijatokea kitu. Dakika kumi na nane baadaye tuko palepale. Bustani nzima inataka karibu saa tatu za kukata mfululizo. Kwa mwendo huu, nikifika maabara, geti kuu limeshaota upya, na wageni wanapita wakiniuliza kama hospitali imeanza kufuga ng'ombe.

Sasa nimepokea barua yako ya onyo. Hiyo haikupotea, ilinifikia siku ileile. Inasema kwamba nyasi zisipokatwa zote kabla ya tarehe mosi, mtu mwingine atapewa trekta, nami nitahamishiwa chumba cha kufulia kusukuma toroli la mashuka. Ndugu Mkurugenzi, silidharau toroli. Nimekwenda kulijaribu. Lina magurudumu manne, matatu kati yake yanaelewana. Lakini mimi ni dereva. Binti yangu ameandika hivyo kwenye fomu ya shule, mahali pa kazi ya mzazi, kwa herufi kubwa, akapigia na mstari. Sitaki arudi kufuta. Hilo ndilo linaloniuma usiku na mchana, na mengine yote yanafuata kutoka hapo, kwa utaratibu huu:

1. MKAGUZI WA VYOMBO.

Mkaguzi amekuja mara tatu, na kila alipokuja alikaa dakika kumi. Katika dakika kumi za kwanza trekta letu lina afya kuliko mimi na wewe. Alilitazama, akalizunguka, akalipiga gurudumu teke, akaandika. Nilimwomba kwa adabu zote asubiri dakika nane zaidi ajionee mwenyewe. Akanionyesha ratiba yake, nikaona baada ya mimi kuna ukaguzi wa jenereta, ukaguzi wa lifti isiyofika ghorofa ya pili, na chai. Ripoti yake ikasema: "Chombo ni kizima. Tatizo ni mtumiaji." Ni sawa na daktari ampime kila asubuhi mgonjwa ambaye homa humpanda jioni, halafu aseme tatizo ni kitanda.

Kitu kimoja tu nilikiafiki katika ripoti ile, nacho ni mstari wa mwisho: "Namba ya mali: inasomeka vizuri sana." Inasomeka kwa sababu niliibandika mimi. Wakati wa zoezi la kuhesabu mali wenzangu walibandika vile vibandiko ovyo, huyu chini ya meza, huyu nyuma ya friji, na mtu mmoja wa mapokezi alikibandika kwenye paji la uso la mwenzake aliyesinzia. Waraka wako ulisema kibandiko kikae mahali ambapo mtumiaji atakiona kila siku. Mimi nilikibandika katikati ya kifuniko cha tangi la mafuta, mbele ya pua yangu. Nikakipaka vanishi mara mbili ili mvua isikiguse, na mara ya tatu kwa mapenzi tu. Mpaka leo ndicho kibandiko pekee katika hospitali hii ambacho hakijabanduka hata pembe moja. Huyo ndiye mtu mnayemwita tatizo.

2. FUNDI MKUU WA KARAKANA.

Fundi Mkuu ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Nautaja udugu huu mapema ili usije ukasema niliuficha. Hauhusiani kabisa na ninayoyasema, isipokuwa kwamba yote yanatokana nao.

Siwezi kumnyima haki yake: amefanya mengi. Alibadilisha plagi. Trekta likazimika. Alibadilisha chujio la mafuta. Likazimika. Alifungua kabureta mara tatu, akakitandaza kila kipande juu ya gazeti, akakipuliza, akakirudisha, na mara zote tatu akabakiwa na skrubu moja ambayo alisema haina kazi. Likazimika. Kisha akasema ni koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, kwamba ikipata moto huishiwa nguvu kama mtu mzima aliyepanda ngazi. Nikasubiri lizimike, nikachomoa plagi likiwa bado la moto, nikaangalia cheche kwa macho yangu. Cheche ilikuwa ya bluu, kali, haina ugonjwa wowote. Akabadilisha koili vilevile. Mwisho akadai mafuta yanachemka ndani ya mpira unaoyapeleka kwenye injini, akauzungushia taulo lililoloweshwa maji baridi, akaniambia niendeshe hivyo hivyo. Niliizunguka hospitali nikiwa na taulo la wodi ya wazazi limefungwa kwenye injini. Dakika ya kumi na nane tukazimika wote, mimi, trekta na taulo. Muuguzi wa zamu bado analitafuta.

Lakini ajabu yenyewe ni hii: karakanani halizimiki! Shemeji analiwasha, anakiweka kifuniko cha tangi pembeni ili achungulie mafuta yanavyoshuka, analiacha lingurume saa nzima, yeye anasoma gazeti lile lile la kabureta. Saa nzima, Ndugu Mkurugenzi. Kisha ananiita mbele ya mafundi wote na kusema: "Shemeji, kwangu limetulia tuli. Sijui wewe unalikaliaje." Nalipokea, nafunga kifuniko, nakikaza mpaka mwisho kwa kuwa mimi si mzembe, natoka nalo. Kumi na nane.

Nimechunguza kalenda. Ugonjwa ulianza wiki ile ile ya kuhesabu mali. Jumapili ya wiki hiyo shemeji alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti changu cha mkono, kile cha dirishani, nami nikamwomba ahame. Alihama, lakini alihama amekunja uso. Siku tatu baadaye trekta likazimika kwa mara ya kwanza. Mtu mwenye akili zake hahitaji kuelezwa zaidi.

3. UTOVU WA NIDHAMU WA TREKTA LENYEWE.

Jambo hili nililiacha nje ya barua tatu za kwanza kwa aibu. Trekta linanisonya. Kila ninapofungua kifuniko kuangalia mafuta, kabla sijachungulia ndani, linatoa sauti ndefu ya kusonya, ile ambayo ukiisikia kwa mtoto wako unamwita ndani. Kwa shemeji halisonyi. Nimemuuliza, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho, akanishauri nikapime masikio kwa kuwa kliniki iko jirani.

Tena ni trekta lenye tabia ya mlafi. Nikilijazia tangi pomoni linazimika mapema zaidi, dakika ya kumi na mbili, mara nyingine ya kumi, mithili ya mtu aliyekula mchana akakosa nguvu za kurudi kazini. Nikilipa mafuta kidogo linajitahidi hadi dakika ya ishirini na tano. Nimefikia hatua ya kulilaza na njaa. Namwambia kila mtu kwamba likishiba linazimika, nao wananitazama kwa huruma ambayo sikuiomba.

4. JIKO KUINGILIA MAMBO YA UFUNDI.

Mpishi Mkuu ni mama mwenye mikono ya kuinua sufuria la watu mia mbili peke yake, na mimi binafsi namheshimu kuanzia saa sita hadi saa saba mchana, wakati wa kugawa chakula. Lakini mara nyingi trekta huzimika mbele ya mlango wa jiko, naye hutoka nje, hujipangusa mikono kwenye aproni, na kutoa ushauri. Wiki iliyopita aliniambia hivi, na ninanukuu neno kwa neno ili uone kiwango cha uingiliaji: "Baba, debe la mafuta ya kupikia nikilitoboa tundu moja halimimini. Linatoa kidogo, linakwama. Mpaka nitoboe la pili, upande wa pili, hewa iingie. Sasa hilo trekta lako linapumulia wapi?"

Nilimjibu kwa upole kwamba jiko ni jiko na injini ni injini, kwamba trekta halipumui, linaunguza, na kwamba tangu nizaliwe sijaona wali ukiendeshwa. Hakukasirika. Alicheka, jambo ambalo ni baya zaidi. Sasa kila nikipita ananiuliza kutoka dirishani: "Limeshapata pua?" Wapishi wote wanacheka, na hata yule anayemenya vitunguu, ambaye ana sababu zake za kulia, naye anacheka.

5. WODI YA MIFUPA.

Wodi hii iko ghorofa ya kwanza, na madirisha yake yanatazama bustani yote. Wagonjwa wake wamefungwa miguu juu kwa kamba, hawana pa kwenda, hawana cha kutazama ila mimi. Mwanzoni walinipungia mkono. Nikapunga. Mwezi wa pili wakaanza kuhesabu. Injini ikiwaka wanaanza kwa sauti ya chini, "moja", kila dakika namba moja, na kufikia kumi na tano wodi nzima inahesabu, pamoja na wauguzi. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane! Trekta linakohoa, linazimika, na wodi inashangilia kama wamefunga goli. Wenye mikono mizima wanapiga makofi, wenye mikono iliyovunjika wanagonga plasta kwenye vitanda.

Wamenipa jina. Wananiita Bwana Kumi na Nane. Jina limeshuka ngazi, limepita mapokezi, limefika getini. Juzi mlinzi aliniandika hivyo kwenye daftari la kuingilia, tena bila nia mbaya, kwa sababu alidhani ndilo jina langu. Mmoja wa wagonjwa ameomba asiruhusiwe kutoka mpaka aone mwisho wake. Mguu wake umepona tangu mwezi uliopita, na kitanda chake kinahitajika. Hapo, Ndugu Mkurugenzi, trekta limeanza kuathiri tiba.

6. NYUMBANI.

Nyumba si mali ya hospitali, na sitaki ukague. Lakini nilipomwambia mke wangu kwamba kaka yake amelifundisha trekta kunidhalilisha, aliweka mwiko chini. Alisema: "Kaka yangu anatengeneza mashine za kupumulia za wodi ya watoto. Watoto wanaishi kwa mikono yake. Leo wewe unaniambia ameshindwa na kitu cha kukatia majani? Jiangalie mwenyewe, baba watoto." Tangu siku hiyo tunaongea kwa kupitia binti yetu, na binti anabadilisha maneno njiani kwa jinsi anavyoona yeye. Jumapili shemeji haji tena. Kiti changu cha dirishani kiko wazi wiki nzima, nakikalia peke yangu, na sikufichi, hakina raha niliyoitegemea.

Kutokana na hayo yote, nimefikiri kwa makini, na naomba yafuatayo.

Kwa kuwa injini inazimika kwa sababu ya kupata moto, naomba ikatazwe kwa waraka kupata moto. Usione ni jambo gumu. Nyaraka zako zimewahi kukataza makubwa kuliko hilo: ulikataza kelele wodi ya watoto, ukakataza mvua kuingia ukumbi wa mikutano, na mwaka jana ulikataza mbwa wa mlinzi kusinzia mchana. Mbwa hakutii, lakini waraka ulikuwa umeandikwa vizuri.

Kama waraka hautatosha, basi bustani igawanywe katika vipande vya dakika kumi na nane, na kila kipande kipewe trekta lake. Nimepima kwa hatua, tunahitaji matrekta tisa tu. Nitakuwa nashuka hili, napanda lile, na mpaka nilifikie la tisa, la kwanza litakuwa limepoa. Ombi hili likionekana kubwa, naomba dogo zaidi: hospitali ipunguzwe.

Kama nalo limeshindikana, naomba trekta lilazwe. Siitanii ofisi yako. Mtu akija hapa na kusema kila siku mwili unapata moto, kisha nazimia, kisha nikipumzika napata nafuu, anafunguliwa faili, anapewa kitanda, na daktari anapita kumtazama asubuhi na wanafunzi kumi nyuma yake. Trekta lina dalili hizo hizo kwa miezi kumi na minne, na bado linalala bandani na majembe. Nashauri lilazwe wodi ya mifupa, karibu na dirisha, ili na wao waonje kutazamwa.

Mkaguzi wa vyombo akae juu ya trekta dakika kumi na tisa kamili, chai yake aletewe hapo hapo. Jiko lizuiwe kutamka neno "pua" umbali wa hatua hamsini kutoka kwenye injini yoyote. Na Fundi Mkuu, baada ya yote aliyonifanyia na yote aliyoshindwa kunifanyia, ahamishiwe kituo kingine, cha mbali, ikiwezekana kile ambacho hakina basi Jumapili. Nasema hivi bila chuki. Mke wangu akikuuliza, wazo hili lilikuwa lako.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto. Msalimie katibu muhtasi, mwambie kikombe nilikiosha. Msalimie dereva wako, ambaye gari lake halizimiki na ambaye kwa hiyo hajui maisha. Wasalimie wajumbe wote wa kamati ya usafi, karani wa masjala, walinzi wa zamu zote, na kila anayeniulizia kwa jina langu halisi.

Ni mimi niliye chini yako kwa cheo, na chini ya nyasi kwa kimo,

Dereva wa Trekta
(hadi tarehe mosi)

NYONGEZA, Jumamosi, saa tisa alasiri.

Ndugu Mkurugenzi, barua yenyewe nilibaki nayo ili niambatishe jedwali la dakika. Zilizokwenda masjala ni zile nakala mbili. Jedwali halihitajiki tena.

Leo asubuhi trekta lilizimika mbele ya jiko, kama kawaida. Mpishi Mkuu akatoka na kile chuma chake chenye ncha cha kutobolea madebe ya mafuta. Hakuuliza ruhusa. Aliinama, akaanza kukwangua kibandiko kwenye kifuniko cha tangi. Nilimwambia ile ni namba ya mali ya hospitali na anachofanya ni kosa la kinidhamu. Akasema, "Nyamaza, baba." Vanishi ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu, ile ya mapenzi, ikamsumbua kidogo. Chini ya kibandiko, katikati kabisa ya kifuniko, kulikuwa na tundu. Ni dogo, linatosha pini. Aliingiza ncha, akalisafisha, trekta likasonya mara moja, kwa kirefu, na halijasonya tena mpaka sasa.

"Pua yake hii hapa," akasema. "Umeliziba mwaka mzima, halafu unashangaa linazimia." Akarudi kukoroga sufuria lake.

Niliwasha bila kungoja dakika arobaini. Likawaka. Nikapita mbele ya wodi ya mifupa wakihesabu kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Kumi na nane! Likaendelea. Kule juu hesabu ikakwama, maana hawajawahi kuhitaji namba ya kumi na tisa. Nikasikia sauti moja tu, ya yule mwenye mguu uliopona, ikisema polepole, "kumi na tisa," kama mtu anayejifunza kusoma. Walinihesabia mpaka sitini na nne, kisha wakachoka, wakanipungia mkono tu kama zamani. Nilikata geti kuu, nikakata mapokezi, nikakata chini ya dirisha lako. Nyuma ya maabara, zikiwa zimebaki hatua kama ishirini, likakohoa mara mbili, likazimika.

Nikafungua kifuniko. Halikusonya. Nikachungulia, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne mafuta yalikuwa yameisha kweli.

Nilipoinua macho nilimwona shemeji anatoka karakanani na dumu la petroli, anakimbia, kwa umri wake ule. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo akisikiliza mlio. Alimimina, akashika kifuniko ili afunge, akaona pale palipokwanguliwa, akaona tundu. Alikishika muda mrefu. Mimi nilikuwa natazama gurudumu.

Akasema, "Natengeneza mashine za kupumulia, shemeji. Hospitali nzima. Na hili sikuliona." Akafunga kifuniko taratibu. Kisha akasema, "Kesho nakuja. Kiti chako nitakuachia."

Ndugu Mkurugenzi, malalamiko yote sita nimeyafuta, na maombi yote nimeyaondoa. Ukiona toroli ndilo linanifaa, nitalisukuma, hata hilo gurudumu la nne nitaelewana nalo. Nakala ya Mpishi Mkuu acha imfikie, kwa kuwa ameshanikosoa kwa mdomo zaidi ya nilivyomkosoa kwa kalamu. Ila nakala ya shemeji iko kwenye trei ya masjala, na itamfikia Jumatatu asubuhi. Nimemfuata karani nyumbani kwake kuiomba, akanisomea waraka wako mlangoni, wote, mpaka sahihi.

Ofisi yako ilizipoteza barua zangu tatu bila hata kuombwa. Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba mnipotezee na hiyo moja.